Mwashi wa Mwanza kwenye Mto Chicago

Nimefanya kazi ya ujenzi jijini Mwanza kwa miaka 22, nikianza kama saidia fundi wa kubeba maji na mchanga, nikawa mwashi, na sasa ni msimamizi wa mafundi. Nilipokwenda Marekani kuhudhuria mahafali ya mpwa wangu, jambo nililolitamani kuliko yote lilikuwa kuyaona majengo ya Chicago, kwa sababu tangu nikiwa kijana nilisikia mafundi wakubwa wakisema kwamba huko ndiko ghorofa ndefu za kiunzi cha chuma zilikoanzia. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi na ameishi huko miaka mingi, aliniambia kwamba majengo hayo hayatazamwi vizuri kwa kutembea barabarani na kuinua shingo. Yanatazamwa kutoka mtoni, ukiwa umeketi kwenye boti, huku mtu anayeyajua akikueleza.

Nilipanda boti mara mbili katika wiki moja. Safari ya kwanza tuliichagua kwa haraka. Ilikuwa jioni, tiketi zilikuwa nafuu, na tulifika gatini dakika chache tu kabla ya boti kuondoka, kwa hiyo tulipata viti vya ndani, sitaha ya chini, nyuma ya kioo. Maelezo yalitoka kwenye spika iliyokuwa ikikwaruza, na aliyekuwa akisema alitaja jina la jengo, mwaka na urefu wake, kisha akahamia jengo lililofuata. Nilipiga picha zaidi ya 300. Usiku ule, nilipokuwa nikimwonyesha shemeji yangu picha hizo, aliniuliza kwa nini jengo moja lilikuwa na mguu mwembamba namna ile na mwili mnene juu yake. Sikuwa na jibu. Kazi yangu ni kujenga, nami nilikuwa nimepita mbele ya jengo lililosimama kwa namna ambayo sijapata kuiona popote, nikalipiga picha na kuendelea na safari. Swali lile lilininyima usingizi.

"Kaka, turudi," mdogo wangu aliniambia asubuhi, "lakini safari hii twende na watu wenyewe wa majengo." Alikata tiketi za safari inayoandaliwa na Kituo cha Usanifu Majengo cha Chicago, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1966 na watu waliokuwa wakipigania nyumba moja ya zamani isibomolewe. Waongozaji wake ni watu wa kujitolea waliosomea kazi hiyo, na safari huchukua muda wa dakika 90. Tulifika mapema kiasi cha kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kwenye foleni, tukapata viti vya mbele kwenye sitaha ya juu, mahali pasipo na paa. Nilikuwa nimevaa sweta ingawa ilikuwa Juni, kwa sababu upepo wa Ziwa Michigan unapita katikati ya yale majengo kama unavyopita kwenye bomba, na mtu anayetetemeka hasikilizi. Simu niliiweka mfukoni mwa ndani.

Mwongozaji wetu alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi, aliyesimama mbele yetu akiwa ameyapa majengo mgongo, kwa kuwa hakuhitaji kuyatazama. Kabla boti haijaachana na gati alisema maneno ambayo mdogo wangu alinitafsiria kwa sauti ya chini, nami nimeyashika hadi leo: kwamba kila jengo tutakaloliona ni jibu, na kazi yake yeye ni kutuambia swali lilikuwa lipi.

Swali la kwanza lilikuwa udongo. Sisi wa Mwanza tunajenga juu ya mwamba. Tukichimba msingi, mara nyingi hatufiki mbali kabla sururu haijagonga jiwe, na shida yetu ni kulipasua jiwe hilo kwa moto na nyundo ili tupate mahali pa kuweka kitako cha nguzo. Chicago ni kinyume chake. Ni tambarare iliyokuwa kinamasi, na chini yake kuna udongo laini wa mfinyanzi unaoshuka mbali kabla ya kufikia tabaka gumu. Katikati ya karne ya 19 maji machafu yalituama mitaani kwa kukosa mteremko, magonjwa yakaua watu wengi, na mhandisi Ellis Chesbrough akapendekeza mabomba ya maji taka yalazwe juu ya barabara zilizokuwapo, kisha barabara zifukiwe na kuinuliwa. Majengo nayo yakalazimika kufuata. Mama yule alituonyesha kwa mikono yake jinsi mamia ya wanaume walivyopangwa chini ya jengo la matofali, kila mmoja na jeki zake za parafujo, na kila ishara ilipotolewa wote wakazungusha kwa kiasi kidogo kwa pamoja, hadi jengo zima likapanda bila ukuta kupasuka. Nilijiuliza ningewezaje kuwapanga mafundi wangu 20 wafanye jambo hilo bila hata mmoja kuharakisha.

Swali la pili lilikuwa moto. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulianza kusini magharibi mwa jiji lililojengwa kwa mbao karibu lote, ukaruka tawi la kusini la mto, ukaruka na mkondo mkuu, na hata mitambo ya kusukuma maji ikaungua. Watu wapatao 300 walikufa na kama 100,000 wakabaki bila makazi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba majengo yenye nguzo za chuma, ambayo wenyewe waliamini hayawezi kuungua, nayo yalianguka, kwa sababu chuma kisichofunikwa hulainika katika joto kali. Kutokana na msiba huo wajenzi walijifunza kuvika kila nguzo na boriti ya chuma vigae vya udongo wa kuchoma. Mwaka 1885 William Le Baron Jenney akakamilisha jengo la ghorofa 10 la kampuni ya bima, ambalo sehemu kubwa ya mzigo wake ilibebwa na kiunzi cha chuma badala ya kuta nene za mawe. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1931, lakini wazo lake tuliliona kila upande. Jengo la Wrigley, la miaka ya 1921 na 1924, limevikwa vigae vyeupe vyenye mng'aro, na weupe huo unazidi kadiri jengo linavyopanda, kwa rangi sita zinazokaribiana. Katika safari ya kwanza nilikuwa nimeuona weupe wake tu. Sasa niliyaona mavazi ya watu waliokwisha kuungua mara moja.

Boti ilikuwa ikienda magharibi. Tulipita minara miwili ya Marina City, kazi ya msanifu Bertrand Goldberg ya miaka ya 1960, ambayo kila mtu huifananisha na magunzi ya mahindi. Ina ghorofa 65, na 19 za chini ni za kuegesha magari, yaliyopangwa yakitazama mtoni bila ukuta mbele yake. Kwa mtu wa zege kama mimi, minara hiyo ni raha ya macho, kwa sababu katikati ya kila mmoja kuna kiini cha duara kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo, na vyumba vinakizunguka kama petali za ua. Nilitazama vile vibaraza vya nusu duara na kuwaza juu ya seremala aliyefunga mbao za kumwagia zege la mikunjo hiyo, moja baada ya nyingine, hadi juu. Ila kilichonigusa zaidi ni nani aliyelipa. Ulikuwa wakati ambao familia nyingi za wazungu zilikuwa zikihamia vitongoji vya nje, na chama cha wafanyakazi wa usafi na waendesha lifti za majengo kikaona kwamba watu wakilihama jiji, wanachama wake watakosa kazi. Kikatoa fedha za kujenga makazi katikati ya jiji ili watu wabaki. Jengo maarufu kiasi kile lilianza na hofu ya watu wa mifagio kupoteza riziki yao.

Kisha, kati ya mitaa ya Clark na LaSalle, mwongozaji alipunguza sauti. Alituonyesha ukingo wa kusini na kusema kwamba hapo, asubuhi ya tarehe 24 Julai 1915, meli ya Eastland ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini. Ilikuwa imejaa wafanyakazi wa kiwanda na familia zao waliokuwa wakienda matembezini, zaidi ya watu 2,500, na waliokufa walikuwa 844, hatua chache kutoka nchi kavu. Meli hiyo ilikuwa na historia ya kuyumba, na boti za kujiokolea zilizoongezwa kufuatia ajali ya Titanic ya mwaka 1912 ziliongeza uzito juu ya chombo ambacho tayari kilikuwa kizito juu. Sikuweza kusikiliza maelezo ya jengo lililofuata. Nilikuwa mwanafunzi tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza, na nakumbuka watu waliokuwa wakisimama ufukweni siku baada ya siku wakisubiri wapendwa wao watolewe majini. Mdogo wangu alinishika mkono bila kusema neno. Nilikuwa nimekuja kutazama majengo, na hapo nikaelewa kwamba mto huo nao una makaburi yake, na kwamba mwongozaji mzuri hayapiti kimya.

Baada ya hapo tulipita Merchandise Mart, ambalo lilipofunguliwa mwaka 1930 lilikuwa jengo kubwa kuliko yote duniani kwa eneo la sakafu, kubwa kiasi cha kuwa na namba yake ya posta hadi mwaka 2008. Tukafika mahali mto unapogawanyika matawi mawili, kaskazini na kusini. Kwenye kona hiyo limesimama jengo la kioo cha kijani la mwaka 1983, nambari 333 West Wacker, ambalo uso wake umepinda kufuata mpindo wa mto wenyewe. Tulipolikaribia niliiona boti yetu ndani ya kioo, ikipita polepole kati ya mawingu, na nikamwona mwanamume mwenye sweta la bluu ameketi mbele. Nilikuwa mimi.

Na hapo, ng'ambo ya magharibi, kulikuwa na jengo la shemeji yangu.

Linaitwa 150 North Riverside, lina ghorofa 54, na lilikamilika mwaka 2017. Kiwanja chake kilikaa wazi muda mrefu kwa sababu upande mmoja kuna mto, ambao kando yake kanuni zinataka iachwe nafasi ya watu kupita, na upande mwingine kuna reli zenye treni zinazofanya kazi. Kati ya mto na reli ilibaki ardhi nyembamba mno. Wasanifu walishusha chini kiini tu, kwenye ukanda ule mwembamba, kisha ghorofa kadhaa juu ya ardhi wakaanza kulipanua kwa nguzo zilizolala upande, hadi likapata upana wake kamili juu. Limesimama kama jembe lililosimikwa kwa mpini. Kwa kuwa jengo la namna hiyo hupata taabu na upepo, juu kabisa yamewekwa matangi ya maji. Jengo linapoyumba upande mmoja, maji hayo huchelewa na kupiga upande wa pili, na hivyo kulituliza. Nilitazama mahali nguzo zile za mshazari zinapokutana na kiini kwa muda wote boti ilipokuwa ikigeuka, nikishusha moyoni timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, na kila mara timazi ilitua ndani ya mguu. Treni ilipita chini yake tukiwa hapo. Maneno ya mwongozaji hayakuzidi dakika mbili, lakini swali lililokuwa limeninyima usingizi lilikuwa limejibiwa, tena kwa namna ambayo ningeweza kumweleza mtoto wa darasa la tano.

Tukashuka tawi la kusini kuuona mnara wa Willis, ambao wazee bado wanauita Sears, wa ghorofa 110 na mita 442, uliokamilika mwaka 1974 na kuendelea kuwa jengo refu kuliko yote duniani hadi miaka ya mwisho ya 1990. Mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, alizaliwa mwaka 1929 huko Dhaka, iliyo Bangladesh leo. Alichofanya ni kuunganisha mirija tisa ya mraba isimame bega kwa bega. Miwili inaishia ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, na miwili iliyobaki inafika juu. Aliyekulia kijijini ameuona mzigo wa kuni. Ukuni mmoja ukiusimamisha huanguka, ukizifunga kuni tisa kwa kamba zinasimama zenyewe, na zile ndefu zinashikwa na fupi zilizo kando yake. Nilifurahi kwamba jibu hilo lilitolewa na mtu aliyetoka mbali, kama nilivyofurahi kusikia kwamba daraja tulipopandia boti linabeba jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyejenga nyumba yake na kufanya biashara kwenye mlango wa mto huo katika miaka ya 1780, pamoja na mkewe Kitihawa, mwanamke wa Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Tulipokuwa tukirudi mashariki kuelekea ziwani, mama yule alituambia tuyatazame maji yenyewe, kwa sababu yalikuwa yakienda upande ambao si wake. Mto Chicago kwa asili uliingia Ziwa Michigan, na jiji lilimwaga uchafu wake wote mtoni, kisha likanywa maji ya ziwa hilo hilo. Walichimba mfereji wa kilomita 45, wakaufungua Januari 1900, na tangu hapo mto unatoka ziwani na kwenda bara, ukiunganika na mito inayoishia Mississippi. Niliwaza Mto Mirongo wetu, unaopita katikati ya Mwanza ukibeba kila tunachoutupia na kukimimina Ziwa Victoria, ambalo ndilo tunalolinywa. Nilishangazwa na uwezo wa watu waliougeuza mto, lakini sikukubaliana nao moja kwa moja, kwa kuwa uchafu ule haukutoweka. Ulipelekwa kwa watu wa chini ya mkondo, na jimbo la Missouri likaenda mahakamani kulalamika, ingawa lilishindwa mwaka 1906. Mitambo ya kusafisha maji taka ilijengwa baadaye, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyopaswa kutangulia. Swali likijibiwa kwa kumhamishia jirani tatizo, kazi bado haijakwisha.

Karibu na ziwa tuliona kazi mbili za msanifu Jeanne Gang. Aqua, mnara wa mwaka 2009, una vibaraza vinavyopinda kama mawimbi, na St. Regis, wenye ghorofa 101, umeacha ghorofa ya 83 wazi ili upepo upite badala ya kulisukuma jengo. Huo wa pili ndio mrefu zaidi duniani kati ya majengo yaliyosanifiwa na mwanamke. Binti ya mdogo wangu, yule yule aliyehitimu, aliomba nimpige picha hapo, na hiyo ndiyo picha pekee niliyopiga siku ile.

Boti ilipofunga gati, nilisubiri watu washuke, kisha nikamwendea mwongozaji na kumuuliza, kwa Kiingereza changu cha kazini, jinsi wanavyopata msingi kwenye udongo ule laini. Alifurahi sana. Alinieleza kwamba walichimba mashimo ya duara, zamani kwa mikono, wakiyazuia kwa mbao na pete za chuma kadiri walivyoshuka, hadi tabaka gumu au mwamba, kisha wakayajaza zege, kwa hiyo kila mnara umesimama juu ya miguu mirefu isiyoonekana. Nami nilimweleza tunavyopasua mwamba kwa moto. Aliniuliza kuni za aina gani, na moto unawaka muda gani, na akasikiliza jibu lote. Tulisimama pale hadi abiria wa safari iliyofuata walipoanza kupanda.

Niliporudi Mwanza niliwachukua vijana wangu wanne Jumamosi moja, nikawalipia nauli ya kivuko cha Kamanga, kwenda na kurudi. Niliwaambia wasitazame mawe wala ndege, bali watazame vilima vyenye nyumba, na kila mmoja achague jengo moja aniambie lilikuwa likijibu swali gani. Wawili wa kwanza walisema mambo ya mteremko na ukosefu wa njia ya gari, na walisema vizuri. Wa tatu alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba tuliyoijenga sisi wenyewe miaka mitatu iliyopita, kwenye ukuta wa kuzuia udongo uliokuwa na michirizi mieusi niliyokuwa sijawahi kuiona, kwa sababu sikuwahi kuutazama kutoka majini.

"Mzee," alisema, "ukuta ule hatukuuwekea matundu ya kutosha ya kutolea maji."

Alikuwa sahihi. Jumatatu asubuhi nilimpigia simu mwenye nyumba, na saa nne tulikuwa kilimani na drili.